Sisi Tulikuwa Upande Gani?

"Mama, sisi tulikuwa upande gani?"

Mwanangu wa pili, ana miaka tisa, aliniuliza hivyo akiwa amechuchumaa, anachokonoa udongo kwa kijiti, pale Akeri penye makaburi ya wamisionari. Baba yake ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kusimulia. Oktoba 1896, vijana wawili wa Misheni ya Leipzig, ya Walutheri wa Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wamefika Meru, hawajamaliza hata mwezi. Usiku morani wa Kimeru na Kiarusha wanawavamia, wanawaua wao pamoja na Wachaga waliokuja nao. Baada ya hapo Wajerumani wanarudi kulipiza kisasi, na nyuma yao linafuata jeshi la Wachaga.

Mtoto alisikiliza yote, akauliza la kwake.

Baba yake ni Mmeru. Mimi ni Mchaga wa Old Moshi. Yeye shuleni wakimuuliza kabila huandika la baba, lakini likizo zote yuko kihambani, shambani kwa ukoo, kwa babu yake mzaa mama, na anayemkaanga kwa utani wa Kichaga ni mimi.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pembeni kwenye kivuli, kitenge amekifunga vizuri magotini. Hakumtazama mjukuu. Alinitazama mimi. Halafu akanyanyuka, akakung'uta majani kwenye kitenge.

"Twendeni, mvua inakuja."

Mvua haikuja.

Hii ni wiki ya sita, na bado sijamjibu mwanangu.

Hija ya wasio na nauli

Safari yenyewe ilianza kwa wivu, niseme ukweli. Wifi yangu alikwenda kuhiji Nchi Takatifu na kikundi cha kanisani kwao. Kwa siku kumi simu zetu hazikupumua: yeye Bethlehemu, yeye mtoni Yordani na kanzu nyeupe, yeye Yerusalemu ameshika tawi la mzeituni. Mama mkwe alizikuza picha moja moja kwa vidole viwili, akasema polepole, "Na sisi tungepata pa kwenda."

Mume wangu akapiga hesabu ya nauli ya watu watano, akafunga daftari.

Nikasema, kwani hapa kwetu hakuna? Tuna Noah, tuna Jumamosi na Jumapili. Tupite misheni za zamani za mlimani Kilimanjaro, tuanzie Kilema, twende Old Moshi, Machame, tulale nyumbani, kesho yake tushuke hadi Meru. Binti yangu wa kidato cha pili akanyanyua kichwa kwenye simu. "Mama, hizo siyo za kale. Ethiopia ndiyo kale. Mfalme Ezana alibatizwa karne ya nne. Na Lalibela kuna makanisa kumi na moja yamechongwa kwenye mwamba mmoja mmoja. Sisi tuna miaka mia na kitu."

Ana haki. Ukristo wa Aksum, ufalme wa huyo Ezana, ulikuwa umeshazeeka wakati Ulaya ya kaskazini bado inaabudu miti. Wetu huu wa mlimani ungeweza kuwa na bibi aliyeuona ukiingia, na huyo bibi akawa amembeba mgongoni mtu ambaye leo yuko hai.

Sasa ndiyo naona kwamba shida yetu ilianzia hapo hapo. Ya Ezana hayamuumi mtu. Haya ya kwetu bado yana ndugu.

Mwavuli

Kilema hatukukaa sana, watoto walikuwa na njaa. Lakini niliwasimulia kuhusu Rebmann, maana habari yake haichoshi. Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, kwa miguu, mwaka 1848, akiwa na mwavuli. Yeye alisisitiza mwavuli. Tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu, mpaka alipoelewa kwamba ni baridi iliyoganda. Akafika Kilema kwa chifu wa pale, Mangi Masaki, akapokelewa. Alipoandika kwamba karibu na ikweta kuna theluji, bwana mmoja wa London, Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akamwambia haiwezekani.

"Na Wachaga hawakuulizwa?" akauliza binti yangu.

Hawakuulizwa.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema Agosti 1890, wakitokea Bagamoyo, na mwaka uliofuata misheni ikasimama. Hao ndio wanaosifiwa kwa kuleta mche wa kahawa hapa mlimani. Mama mkwe, ambaye ni Mlutheri wa kuzaliwa na hana habari na Roma, aliposikia kahawa aliinamisha kichwa kwa heshima. Ada za watoto wake wote zilitoka kwenye kahawa.

Gari lilichemsha

Kupanda Old Moshi kutokea Kiboriloni, Noah ikachemsha. Tukasimama kwenye kona, mume wangu akafungua boneti, mvuke ukamfukuza. Kijana mmoja akatoka kwenye migomba na ndoo ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani, hakuombwa, hakutaka hela, akatusalimu "Shimbonyi" kisha akaanza kumfundisha mume wangu namna ya kufungua kifuniko cha rejeta. Mume wangu kwake Meru ni mzee wa baraza la usharika. Pale alifundishwa kama mtoto, akatii.

Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Hapa ni kwetu.

Kidia niliwaonyesha kanisa na nikawaambia habari za Bruno Gutmann, mchungaji Mjerumani aliyekaa Old Moshi mpaka 1938, akaandika mila na sheria zetu kwa bidii kiasi kwamba leo Mchaga akitaka kujua babu zake waliamuaje kesi ya mpaka wa kihamba, huenda akalazimika kujifunza Kijerumani. Hilo huwa linanichekesha na kuniuma kwa pamoja.

Lakini watu wakija Old Moshi, wanachotaka kuona ni Tsudunyi.

Nililelewa na habari za Tsudunyi. Mangi Meli, ambaye Juni 1892 watu wake waliwapiga Wajerumani na kamanda wao von Bülow akafa. Wajerumani wakasema wamisionari Waingereza waliokuwa hapa, wa CMS (Church Missionary Society), ndio waliompa jeuri, na hao Waingereza wakalazimika kuondoka. Ndipo Walutheri wa Leipzig wakapata nafasi. Hata Ulutheri wangu, kumbe, ulipita kwenye mlango uliovunjwa na vita. Mwaka uliofuata Meli akashindwa. Na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa kwenye mti, hapo hapo Tsudunyi, yeye na viongozi wenzake, 19 kwa jumla. Inasadikika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Uzao wake umekitafuta miaka na miaka.

Niliisimulia kama nilivyosimuliwa, sauti ikanitetemeka pale pale inapomtetemeka baba yangu. Sisi tuliopigana. Sisi tulionyongwa. Sisi ambao mpaka leo kichwa chetu hakijarudi.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Akauliza swali moja tu, kwa upole: "Hao kumi na tisa, wote walikuwa Wachaga?"

Nikasema ndiyo.

Sikuwa na uhakika. Nilisema ndiyo kwa sababu hadithi yangu ilikuwa inakwenda vizuri.

Machame, haraka haraka

Machame tulifika jioni. Nkarungo, ambapo Walutheri wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893. Tulipiga picha, tukala ndizi za kuchoma, binti yangu akalala kwenye gari. Sina zaidi la kusema kuhusu Machame, na Wamachame wanisamehe. Wanajua wenyewe walivyo, hawahitaji kusifiwa na mimi.

Akeri

Jumapili baada ya ibada ya kwanza tukashika barabara ya Arusha. Boma Ng'ombe, KIA, Kikatiti, Maji ya Chai. Tukasimamishwa na trafiki mara mbili. Kuanzia Usa River mama mkwe alibadilika. Alikaa mbele kidogo kwenye kiti, akaanza kutaja mashamba ya nani ni ya nani, nani aliuza na nani alidanganywa. Sasa ilikuwa zamu yake kuwa nyumbani.

Makaburi ya Akeri mume wangu alikuwa ameyaona tangu utoto. Kwao hii ni habari ya Jumapili, ya mahubiri: damu ya mashahidi ikawa mbegu, misheni ikarudi Nkoaranga mwaka 1902, na leo tazama Walutheri wa Meru walivyo wengi. Alianza kuisimulia hivyo hivyo, kimahubiri. Lakini watoto wa siku hizi hawasikilizi mahubiri, wanauliza.

"Kwa nini waliwaua?"

Hapo akasita, na alivyosita ndivyo nilivyompenda upya. Akasema: kwa sababu hawakuja peke yao. Kapteni Johannes, mkubwa wa Wajerumani pale Moshi, alikuwa karibu na askari wake. Mgeni anayesema amekuja na neno la amani, na kule nyuma yake kuna bunduki, wewe ungemwamini? Na wale Wachaga waliofuatana nao, Wameru walikuwa hawajui Wachaga? Walishavamiana kabla Mzungu hajazaliwa.

"Halafu?"

Halafu Johannes alirudi na jeshi. Na Wachaga. Nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa kwenda mlimani.

"Mlimani wapi?"

Mume wangu akanyamaza, akanitazama kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake gizani.

"Kwa kina mama yako," akasema.

Ndipo mtoto akauliza swali lake.

Kitu ambacho sikukisoma

Wiki ya kwanza nilijitetea. Nilijiambia kwamba waliokufa Akeri pamoja na wale Wazungu wawili walikuwa Wachaga, wasaidizi, vijana walioacha mama zao mlimani. Kwa hiyo sisi ni wafiwa. Nikatembea na hoja hiyo siku mbili. Ikanichosha.

Wiki ya pili nikatafuta habari za wale 19. Hawakuwa Wachaga wote. Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha walikuwemo, lakini walikuwemo pia wakubwa wa Meru na wa Arusha, waliopelekwa Moshi kunyongwa siku moja na wetu. Na inasimuliwa kwamba neno la uchochezi lililowafikisha kwenye kamba lilipelekwa bomani kwa Wajerumani na mangi mwingine wa hapa hapa Uchagani, Marealle wa Marangu. Kwa hiyo mama mkwe alikuwa anajua. Alisimama Tsudunyi, mahali walipofia watu wake, akanisikiliza nikisema "sisi, sisi, sisi," akauliza kwa adabu, nikamjibu uongo, akanyamaza.

Nililala vibaya usiku ule.

Shuleni tulifundishwa upinzani dhidi ya ukoloni kama orodha: huyu alipinga hapa, yule kule. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba waliopinga mwaka 1892 ndio waliobeba mikuki ya mkoloni mwaka 1896, kisha wakanyongwa mwaka 1900. Watu wale wale. Nilipata maksi nzuri kwenye somo la historia, na mimi.

Wiki ya tatu nikampigia baba simu. Shikamoo, marahaba, mvua, mbuzi, goti lake. Kisha nikauliza: Baba, wa kwetu walikwenda Meru na Wajerumani?

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Walikwenda," akasema. "Mangi ameshapigwa. Boma linasema leteni watu. Wewe ungekataa?" Halafu, baada ya muda, kwa sauti nyingine kabisa: "Na walipenda. Usiseme hawakupenda. Ng'ombe ni ng'ombe."

Kisha akanikumbusha kitu ambacho nimekikanyaga maisha yangu yote. Chini ya kihamba chetu, karibu na mfongo, kuna kipande ambacho nyumbani kina jina. Kwa Kiswahili ni kama kusema Zizi la Wameru. Tulicheza rede pale. Tulichuma mapera. Nilishawahi kumpiga picha mwanangu pale pale, amekalia gogo, anacheka, nikaiweka kwenye kundi la familia, na mama mkwe akaijibu kwa alama ya moyo.

Jina lilikuwa mdomoni mwetu miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza zizi la Wameru linafanya nini Old Moshi.

Isale

Sasa nini? Hapa ndipo nilipokwama, na ndiyo sababu makala hii imechelewa.

Nilifikiria kumwambia mchungaji. Nilifikiria kuacha. Mume wangu alisema niache, "Mama Neema, hayo mambo yameshaisha, sisi si tumeoana?" Jibu zuri, lakini ni jibu la upande uliochukuliwa ng'ombe; anaweza kusamehe akiwa amelala kwenye kochi. Mimi upande wangu ni ule wenye zizi.

Kwetu mtu akikosa, hapeleki maneno. Anapeleka isale. Unakata jani, unalifunga fundo, unakwenda nalo mikononi, na aliyekosewa akiliona inakuwa vigumu sana kukukatalia. Nimeona isale likimaliza kesi ya mpaka iliyoshinda baraza la kata.

Jumamosi iliyopita nikakata isale kwenye ua wa baba. Nikalifunga kwenye khanga, nikapanda basi kwenda Meru na mwanangu wa pili. Njiani nilijiona mjinga mara nne: Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa, na nilipokuwa nashuka. Nitamwombaje mtu msamaha wa jambo la mwaka 1896? Nani alinituma? Wazee wa ukoo hawajakaa, mangi hayupo, mimi ni mwanamke niliyeolewa nje. Kwa mila zetu sina hata mamlaka ya kulibeba.

Mama mkwe alikuwa jikoni anakoroga loshoro. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Neema. Mbona mikono miwili, umebeba nini?"

Nikafungua khanga. Akalitazama lile jani. Anajua maana yake. Wameru na sisi tumechangia mengi, lugha zenyewe zinaelewana ukinyoosha sikio. Akaweka mwiko chini.

"Umemkosea nani?"

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikarudi Tsudunyi, nikasema nilikudanganya siku ile, Mama, hawakuwa Wachaga wote, nikafika kwenye zizi la nyumbani na jina lake. Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi.

Mama mkwe alinyamaza muda mrefu. Loshoro ikaanza kushika chini, nikasikia harufu, sikuthubutu kuigusa.

Kisha akaanza kucheka. Siyo kicheko cha dharau. Kilianzia tumboni, kikamtoa machozi, akayafuta kwa ncha ya kitenge, na mpaka sasa sina hakika yote yalikuwa ya kicheko.

"Mwaka ule mlichukua bila kuomba," akasema. "Mwanangu alipotaka kukuoa, baba yako akaleta orodha. Mara ya pili mkachukua kwa maandishi."

"Mama..."

"Ng'ombe wa Meru wanaijua njia ya Old Moshi. Wakifunguliwa wenyewe wanakwenda."

Akalichukua isale kutoka mikononi mwangu. Hakusema amelipokea, hakusema amelikataa. Akalichomeka kwenye ukuta wa jiko, kati ya ubao na ubao, pale anapochomeka vitu atakavyovihitaji baadaye.

Mwanangu akaingia ndani.

"Bibi, walikuwa ng'ombe wangapi?"

"Wa mwaka ule sijui, mjukuu wangu. Waliohesabu ni wao." Akaketi kwenye kigoda, akamvuta karibu, akamshika vidole vya mkono wa kushoto. "Lakini wa mama yako nawajua mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa bahasha. Wa pili bahasha. Wa tatu alikuwa na miguu: mwekundu, pembe moja imepinda, alikataa kupanda Canter mpaka nilipomwita mimi mwenyewe. Wa nne..."